Kicheko cha Kashasha na ramani ambayo hakuna aliyeichora

Najua nimekuwa kimya, kazi za chumba cha habari zilinibana kisawasawa. Leo nina jambo refu kidogo, kwa hiyo kama uko ofisini na bosi anapitapita nyuma yako, litunze ulisome jioni.

Chanzo ni mhariri mmoja. Kwenye kikao cha asubuhi alikuwa anatafuta kitu chepesi cha ukurasa wa mwisho wa Jumamosi, akanigeukia: "Wewe andika kile kisa cha Bukoba, cha watu waliocheka mwaka mzima." Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo kicheko kilivyonikauka mdomoni. Nilimwandikia makala yake, fupi na nyepesi kama alivyotaka. Hii hapa ndiyo ile niliyotaka kuiandika mimi.

Kwanza yaliyotokea. Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wanafunzi watatu katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, yapata kilomita 40 kutoka mjini Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hakikuwa kicheko cha utani. Kilikuja ghafla, kikachanganyika na kulia, wasichana wakawa hawatulii, na aliyejaribiwa kushikwa alipambana. Kinatulia, kinarudi. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache, kwa mwingine hadi siku 16. Wanafunzi walikuwa 159, wengi wa umri wa miaka 12 hadi 18. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, 95 kati yao walikuwa wamepatwa. Mwalimu hata mmoja hakupatwa.

Wasichana wakarudishwa makwao. Siku kama kumi hivi baadaye kicheko kikazuka Nshamba, mahali ambako baadhi ya wasichana wale walitoka. Mwezi Aprili na Mei watu 217 walipatwa huko, wengi wao vijana. Kashasha ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwisho wa Juni. Katikati ya Juni ikawa zamu ya shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini: 48 kati ya 154. Msichana mmoja wa Ramashenye alirudi kwao Kanyangereka, watu wa nyumbani kwake wakaanza, na baadaye shule mbili za wavulana huko zikafungwa. Masimulizi mengi ya baadaye yanataja jumla ya watu wapatao 1,000 na shule 14. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyecheka mwaka mzima. Hilo la mwaka mzima ni chumvi ya sisi waandishi.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika habari hii katika jarida la kitabibu mwaka 1963. Walikuwa makini. Walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, sampuli zikapelekwa Entebbe kutafutwa virusi, unga wa mahindi ukachunguzwa kama una sumu. Hawakupata kitu. Mitaani watu walikuwa na maelezo yao, wengine wakisema hewa imechafuliwa na milipuko ya mabomu ya atomiki. Madaktari wakahitimisha kwamba yaelekea ni taharuki ya kundi. Lakini waliandika jambo moja ambalo wengi huliruka: aliyepatwa alikuwa amekutana karibuni na mtu aliyekuwa amepatwa tayari.

Hapo ndipo niliposimama. Ina maana kicheko kile hakikutambaa juu ya ardhi kama moto wa nyika, kijiji kwa kijiji. Kilifuata watu. Ukitaka kukielewa, ramani ya mkoa wa Kagera haikusaidii sana. Unahitaji ramani ya nani anafahamiana na nani.

Ramani ya namna hiyo ina historia yake, na inaanzia mbali na Bukoba. Mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, ulikuwa na mto uliougawa katika sehemu nne za ardhi, na madaraja 7 ya kuziunganisha. Wenyeji walikuwa na fumbo lao: je, mtu anaweza kutembea mji mzima akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia? Mwaka 1736 mtaalamu wa hesabu Leonhard Euler alilijibu. Alichofanya ni kutupa karibu kila kitu: urefu wa madaraja, upana wa mto, majengo, umbali. Kila kipande cha ardhi akakifanya nukta, kila daraja akalifanya mstari. Kisha akasema, ukipita mahali lazima uwe na daraja la kuingilia na jingine la kutokea, kwa hiyo idadi ya madaraja ya mahali unapopita iwe shufwa. Pale Königsberg nukta zote nne zilikuwa na idadi witiri: moja madaraja 5, nyingine tatu madaraja 3 kila moja. Basi haiwezekani, fumbo limeisha.

Nukta na mistari. Hiyo ndiyo grafu ya wanahesabu, si ile ya mauzo inayopanda na kushuka kwenye vikao. Fundisho lake ni kwamba kuna maswali ambayo umbali haujibu. Kinachojibu ni nani ameunganishwa na nani.

Ilipita karibu miaka 200 kabla mtu hajazichukua nukta zile akaziita wasichana.

Mwaka 1932, katika mji wa Hudson, jimbo la New York, kulikuwa na shule ya serikali ya wasichana waliopelekwa huko kwa amri ya mahakama. (Ella Fitzgerald, ndiyo, yule mwimbaji, alipelekwa hapo mwaka 1933.) Ndani ya wiki mbili wasichana 14 walitoroka, kiwango kinachotajwa kuwa mara 30 ya kawaida. Wakuu wa shule walitafuta sababu ndani ya msichana mmoja mmoja: huyu mkorofi, yule kichwa kibovu. Daktari wa akili Jacob Moreno na mwenzake Helen Hall Jennings walifanya kitu kingine. Waliwauliza wasichana, zaidi ya 500, ungependa kuishi na nani katika nyumba moja? Majibu wakayachora: nukta kwa msichana, mstari kwa chaguo lake. Moreno akasema watoro wale hawakutawanyika ovyo kwenye mchoro. Walikuwa wameunganishwa, na wazo la kutoroka lilipita kwenye mistari ile, hata kama wasichana wenyewe hawakujua kwamba wako kwenye mkondo. Aprili 1933 gazeti la New York Times liliandika habari za michoro hiyo, na mwaka 1934 Moreno akatoa kitabu.

Shule mbili za bweni za wasichana, miaka 30 kati yake. Moja walitoroka, nyingine walicheka. Ya kwanza kuna mtu aliyeuliza nani rafiki ya nani. Ya pili hakuna. Damu ilipimwa, unga ulipimwa, lakini orodha ya nani alilala kitanda cha pili kutoka kwa nani haikuchorwa, na leo hatuwezi kuichora tena.

Lakini hata bila mchoro huo kuna mambo tunaweza kuyaona, kwa sababu baada ya Moreno watu waliendelea kufikiri.

Chukua mafua. Mafua yanahitaji mtu mmoja tu akupigie chafya kwenye daladala, basi. Tabia haiendi hivyo. Mwaka 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter alitoa mfano wa ghasia za mitaani, mimi nitautafsiri kwa harusi. Ukumbini kuna watu 100, na kila mmoja ana kiwango chake cha aibu. Wa kwanza atasimama kucheza hata kama hakuna mwingine. Wa pili anahitaji kumwona mmoja anacheza. Wa tatu anahitaji wawili, wa nne watatu, hivyo hivyo mpaka wa mia anayehitaji kuwaona 99. Ukumbi mzima utacheza. Sasa mtoe yule wa pili, mweke mtu anayehitaji kuwaona wawili. Wa kwanza atacheza peke yake, atajisikia mjinga, atakaa. Kumbi mbili, watu 99 kati ya 100 ni wale wale, na kesho yake mjini watasema harusi moja ilichangamka na nyingine ilipooza kwa sababu watu wa ukoo ule wana maringo.

Mwaka 2010 mtafiti Damon Centola alilijaribu jambo hili. Watu 1,528 waliojitolea aliwaweka kwenye mitandao miwili ya namna tofauti. Mmoja jirani zako wanajuana wao kwa wao, umesongamana kama bweni. Mwingine mistari imetupwa huku na huko. Kisha akapitisha humo tabia moja, kujiunga na jukwaa la mambo ya afya, aone itafika wapi. Kwenye ule uliosongamana ilifika kwa karibu asilimia 54 ya watu. Kwenye ule wa kutawanyika, kama asilimia 38. Kumbuka kwamba kwa virusi tungetarajia kinyume chake: mistari ya mbali ndiyo inayovusha ugonjwa haraka kutoka kundi hadi kundi. Kwa tabia mtu mmoja hatoshi. Unahitaji kuiona kwa huyu, na kwa yule, na kwa yule anayewajua wote wawili.

Rudi sasa Kashasha. Bweni ni nini, kama si mtandao uliosongamana kuliko yote? Unayelala naye chumba kimoja ndiye unayekaa naye darasani, ndiye mnayekula meza moja, ndiye mnayeteka maji pamoja. Unayemwona analia na kucheka si mmoja, ni wanne, na wote wanakujua kwa jina. Walimu nao walikuwa palepale, waliona na kusikia kila kitu, lakini wakabaki wazima. Kwa jinsi ninavyoona, mstari kati ya mwalimu na mwanafunzi wa wakati ule ulikuwepo, ila ulikuwa wa amri. Amri ilishuka kwenye mstari ule. Hofu haikupanda.

Na kufunga shule je? Kwa daktari anayeshuku virusi ni uamuzi wa busara, na siwalaumu. Lakini uangalie kwenye nukta na mistari. Ulikata mistari ya bwenini, ni kweli. Papo hapo ukachukua wasichana kadhaa wa Nshamba, si mmoja, ukawarudisha pamoja mahali ambako ndugu na jirani wote wanajuana. Kama alivyorudi yule msichana wa Kanyangereka: alikuwa mmoja, lakini aliingia ndani ya nyumba, na hakuna kilichosongamana kama nyumba.

Sasa niseme kwa nini kisa hiki kilinikausha mdomo.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja, wenzetu walianza kuanguka. Mliosoma bweni mnajua ninachosema. Usiku wa prepo mmoja alipiga kelele, akaanguka, akatetemeka. Kesho yake wawili. Ndani ya wiki walifika ishirini na kitu. Wengine wakasema mashetani, wengine wakasema kuna mtu "anawachezea" wenzake. Wachungaji walikuja, mashehe walikuja, na hofu haikuondoka.

Bwenini kwetu tulikuwa na kiranja. Yeye ndiye aliyegawa barua, ndiye aliyetunza sukari za watu, ndiye uliyemwamsha usiku ukiogopa kwenda chooni peke yako. Kila mtu alikuwa rafiki yake. Naye alianguka mapema, siku ya pili. Na kwao ni Sumbawanga, na mnajua maneno ya watu kuhusu Sumbawanga.

Siku ya tano tulikusanywa bwaloni, tukagawiwa vipande vya karatasi. Kura ya siri. Andika jina la unayemshuku, usiweke jina lako.

Niliandika jina lake.

Sikuwa na ushahidi wowote. Niliandika kwa sababu nilipojaribu kukumbuka walioanguka, wote walikuwa na jambo moja la pamoja: walikuwa wakikaa naye. Nafikiri wengi waliandika kwa sababu hiyo hiyo. Baba yake alikuja Jumamosi. Walibeba tranka wawili, mmoja huku na mwingine huku, mpaka getini. Hakurudi tena. Kuanguka hakukuisha pale, kuliendelea mpaka shule ilipofungwa kwa likizo ya mapema.

Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alieleza jambo linaloonekana kama kiinimacho lakini ni hesabu tupu: kwa wastani, rafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Sababu ni rahisi. Mwenye marafiki wengi yumo kwenye orodha za watu wengi, asiye nao hayumo kwenye orodha ya mtu. Ukiwauliza watu wawataje rafiki zao, majina yatakusanyika kwa wale walio katikati. Mwaka 2009, wakati wa mafua ya H1N1, Nicholas Christakis na James Fowler waliitumia hesabu hiyo kwa wanafunzi 744 wa Harvard. Kundi moja lilichaguliwa kwa bahati nasibu, la pili ni wale waliotajwa na hao kuwa ni rafiki zao. Kundi la marafiki liliugua wiki mbili hivi mapema kuliko lile la kwanza. Si kwamba walileta mafua. Walikuwa na mistari mingi, na kila mstari ni mlango.

Nilisoma hapo, nikafunga kompyuta, nikatoka nje.

Maana ndilo jibu la kiranja wetu. Alianguka mapema kwa sababu ana mistari mingi. Walioanguka walikuwa wakikaa naye kwa sababu kila mtu alikuwa akikaa naye. Ungetuuliza swali la Moreno, ungependa kuishi na nani, ningeandika jina lile lile niliyoliandika bwaloni. Tulipiga kura ya kumtafuta mchawi, tukamchagua rafiki.

Nisizidishe sifa za nukta na mistari. Ramani inaonyesha njia, haikuambii mzigo uliopita umetoka wapi. Mwaka 2007 mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann alikirudia kisa cha Kashasha na kusisitiza kwamba kicheko kile hakikuwa na furaha wala utani ndani yake. Kilikuwa dalili mojawapo ya msongo, wa watu wasio na nafasi ya kuusema kwa njia nyingine. Mtoto wa miaka 12, mbali na kwao, chini ya ukali wa bweni, nchi nayo inabadilika na kila mtu mzima anamtarajia makubwa. Kwetu ilikuwa mitihani ya taifa, na mambo mengine ambayo wasichana hawakuwa na wa kumwambia. Grafu inajibu ilipitaje. Swali la kwa nini lazima ukae chini na wasichana uwaulize, na uwe tayari kusikia.

Msichana aliyekuwa na miaka 12 pale Kashasha mwaka 1962 alizaliwa karibu 1950. Kama yuko hai ni bibi wa mtu, pengine bibi yako wewe unayesoma. Dunia imekifanya kisa chake kichekesho cha ukurasa wa mwisho, na mimi nimelipwa mshahara kwa kukirudia. Naomba radhi.

Walimu mlio humu, nina ombi moja. Siku wakianza kuanguka, na wataanguka, msigawe karatasi za kumtafuta mbaya. Ulizeni nani analala karibu na nani, nani anakula na nani, na ni nini kinachowatisha. Na jina litakalojirudia kila mahali, mpeni huyo uji na blanketi kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayebeba hofu za bweni zima.

Na wewe kiranja wangu, ikitokea umeipata hii: ni mimi niliyekuwa kitanda cha juu, upande wa dirishani. Karatasi moja kati ya zile ilikuwa yangu. Sukari yangu hukuipunguza hata kijiko.